Muhuri wa Profesa Si Hirizi

Ndugu zangu wa Kilifi,

Jumapili asubuhi, huko kwenu magharibi imeingia, mpwa wangu kanipigia simu. Nikadhani kuna msiba. Kumbe ni habari za yule mhubiri wenu anayeitwa Mtume. "Mjomba, Mtume anaomba makaazi ya kudumu huko Marekani, na wakili wake anataka barua za wasomi. Profesa wetu wa chuo ameshaandika. Imebaki yako tu." Halafu akanitumia picha ya barua yenyewe.

Nimeisoma mara tatu. Nembo ya chuo juu, muhuri wa zambarau chini, na katikati kurasa mbili za sifa: Mtume ni hazina ya taifa, mafundisho yake hayana kifani, Marekani itabarikiwa kumpokea. Nilitafuta sentensi moja tu inayosema mwandishi alimwona Mtume wapi, lini, akifanya nini. Hamna. Tena bwana huyo namjua, ni mtaalamu wa udongo! Mwulizeni habari za rutuba atawajibu vizuri sana.

Mnajua ninaishi wapi? Portland, Oregon. Mahali hapa wanajua mambo ya walimu wa kiroho kuliko wanavyotaka kujua. Mwaka 1981 Bhagwan Shree Rajneesh, yule aliyekuja kuitwa Osho, aliingia Marekani kutoka India kwa visa, kisa matibabu. Wafuasi wake wakanunua ranchi ya ekari kama 64,000 katikati ya jimbo hili, wakajenga mji. Alipoomba makaazi ya kudumu, Idara ya Uhamiaji ilimkatalia Desemba 1982: ni mgonjwa, tena amenyamaza, hazungumzi hadharani, sasa anafundishaje? Wasomi wakamtetea. Wakasema kunyamaza nako ni kufundisha, na kwa mapokeo ya India hilo si uongo. Naye mwenyewe alikuwa amewahi kusomesha falsafa Jabalpur, kwa hiyo walikuwa wakimtetea mwenzao.

Mwaka 1984 uhamiaji ukakubali kwamba ni mwalimu wa dini. Mwaka huohuo wasaidizi wake walitia vijidudu vya salmonela kwenye kachumbari za mikahawa kumi ya The Dalles, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwangu, ili wapiga kura waugue wasiende kupiga kura za kaunti. Watu 751 waliugua. Mwalimu alisema hakujua lolote. Sawa. Lakini mwaka 1985 alishtakiwa kwamba alificha nia yake ya kubaki alipoomba visa, na kwamba alishiriki kupanga ndoa za uongo za wafuasi wake. Akakubali hukumu bila kukiri kosa, akalipa faini ya dola 400,000, akaondoka. Ranchi ile leo ni kambi ya vijana wa Kikristo.

Wale wasomi hawakutia sumu chakula cha mtu, nami siwasingizii. Walijibu swali waliloulizwa: je, hii ni dini? Ilikuwa dini, ndiyo. Swali la waliotoka humo wanasema nini halikuwamo kwenye karatasi.

Na sisi ndio wa kukumbushwa haya? Sisi wa Kilifi, ambao msitu wetu wa Shakahola ulifukuliwa 2023 zikatoka maiti zaidi ya 400 za wafuasi wa mhubiri mmoja? Mhubiri yule alikuwa ameshafikishwa mahakamani tangu 2017. Mnakaa na makaburi hayo mlangoni, kisha mnanipigia simu niandike kwamba mtu nisiyemjua ni baraka. Mnanichokesha, wallahi, na nawapenda.

Ninachotaka ni kitu kimoja, nami nitakisema mpaka mnikimbie. Kila chuo kiwe na daftari la barua. Mwalimu akitaka kumwombea mhubiri au mganga au sharifu yeyote kwa karatasi yenye nembo ya chuo, nakala ibaki kwa msajili, na yeyote aruhusiwe kuisoma: mwanafunzi, mwandishi wa habari, mama aliyepoteza mwana. Na barua yenyewe ijibu mambo matatu. Umemwona wapi na mara ngapi? Umelipwa au wewe ni muumini wake? Umezungumza na watu wangapi waliomwacha? Jibu la tatu likiwa sifuri, iandikwe sifuri. Sitaki sheria, wala sitaki serikali ipime imani ya mtu. Nataka daftari, kalamu na msajili asiyeogopa. Asiyetaka kuandikwa humo, basi na aandike kwa karatasi yake ya nyumbani, kwa jina lake tupu, tuone litapata uzito gani.

Mtasema niko mbali, nimeshiba, ni rahisi kufoka. Kweli. Basi nami niseme langu. Nilipoomba makaazi ya kudumu mimi mwenyewe, nilipeleka barua sita za maprofesa. Wawili kati yao sijawahi kukutana nao mpaka leo. Barua zao niliziandika mimi, usiku, jikoni, nikijisifu kwa sauti ya mtu mwingine, kisha nikawapelekea watie sahihi. Nilijiita wa lazima kwa nchi hii. Mama aliugua mwaka ule na sikuja, kwa sababu ombi lilikuwa mezani na wakili alisema nisisafiri. Alizikwa bila mimi. Kwa hiyo mtaalamu wa udongo simcheki sana. Najua karatasi hizo zinavyopikwa.

Mpwa wangu, mama yako asikasirike. Karo ya muhula wa pili nitatuma Ijumaa, pamoja na ya mdogo wako. Barua ya Mtume situmi.

Mjomba wenu,
Portland