Kuchelewa kwa sababu ya mvua kusiwe kosa

Msomaji wangu, ukifuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) wakati wa masika, ile orodha utakuwa umeshaizoea: Tanga, Dar es Salaam, Pwani pamoja na kisiwa cha Mafia, Morogoro, Lindi, Mtwara, Unguja na Pemba. Pwani inatajwa, halafu picha zinazofuata kwenye televisheni ni za Jangwani. Basi sisi wa Kibaha na Kisarawe tunabaki na imani kwamba mafuriko ni ya watu wa mabondeni kule mjini. Sisi tuko juu, kwenye upepo.

Ni kweli tuko juu. Lakini maji yanayojaa Jangwani yanatoka wapi? Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Mto Mzinga unaoshukia Mbagala nao unatoka huko huko. Mto Mpiji unaanzia vilima hivyo hivyo, unapita mpakani mwa Pwani na Dar es Salaam hadi Bahari ya Hindi. Kabla maji hayo hayajafika kwa wenzetu yamekwisha kupita kwetu, kwenye vijito na makorongo ambayo sehemu kubwa ya mwaka ni njia ya mchanga mkavu tu, watoto wanapita na ndala kwenda shule.

Hatari yetu iko hapo. Huku kwetu mara nyingi maji hayamfuati mtu kitandani, mtu ndiye anayeyafuata. Anayafuata kwa miguu, kwa bodaboda au kwa gari dogo, kwa sababu kuna mahali anatakiwa afike saa fulani na akichelewa atakiona. Mimi naamini hofu ya kuchelewa inaua watu wetu kuliko kutojua, na katika safu ya leo nataka kuwasema wanaoisababisha, nikiwamo mimi mwenyewe.

Miaka ya nyuma nilikuwa natoka kliniki ya watoto katika kijiji kimoja wilayani Kisarawe, nimepakiwa kwenye bodaboda, kisanduku cha chanjo nimekipakata. Tulipofika kwenye kivuko mvua ilikuwa imekata, ila maji yalikuwa yanapita juu ya barabara, rangi ya chai ya maziwa. Kijana aliyekuwa akiendesha akasimama, akaniuliza, "Dokta, tupite au tusubiri?" Nilikuwa na kikao saa nane mchana. Nikamwambia tupite.

Katikati pikipiki ililala. Yeye alidaka mzizi wa mti, mimi nikadaka shati lake, ndivyo tulivyotoka. Pikipiki ilikutwa kesho yake mbali bondeni, kisanduku hakikuonekana tena. Na kile kikao? Kilikuwa kimeahirishwa kwa sababu ya mvua.

Jambo ambalo halijanitoka ni lile swali. Aliyekuwa anaujua mto ule ni yeye, amezaliwa pale. Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye mwenye fedha ya nauli na cheo cha udaktari. Nami nikajibu kwa kutazama saa, mto sikuutazama.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Wataalamu wa TMA huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Milimita 50 kwa macho ni kitu kidogo, hazifiki hata urefu wa kidole. Lakini zikinyesha juu ya eka moja ni takriban lita 200,000, yaani ndoo 10,000 za lita 20. Vilima vyetu vina eka nyingi sana, na nyingi zinamwaga kwenye korongo moja. Kina mama wanaojitwisha ndoo wanajua uzito wa ndoo moja ikiwa imetulia. Sasa maji yakikimbia, kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo inaongezeka mara nne. Ndiyo maana maji ya sentimita 15 tu, chini ya nusu ya goti, yakienda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuelea gari dogo. Zikifika 60 zinabeba magari mengi, pamoja na hayo ya juu ambayo wenyewe mnajiamini nayo sana.

Tena huoni chini. Pale palipochimbwa mchanga wa kujengea pana mashimo, na kalavati lililokuwepo jana huenda usiku limekwenda na maji. Mtu anasema, "Mimi nimepita hapa miaka kumi." Amepita, lakini si kwenye ardhi hii ya leo.

Sasa sikia habari njema. Mafuriko hayafanani. Aprili 2024, katika mkoa wetu huu huu, wenzetu wa Rufiji na Kibiti walizingirwa na maji ya mto mkubwa ambayo hayakuwa na haraka ya kuondoka. Dawa yao ilikuwa kuhama. Ruvu nao una tabia ya mto mkubwa: unatoka milima ya Uluguru, kwa hiyo unaweza kufura hapa Mlandizi wakati hata tone halijaanguka. Makorongo ya Kisarawe na vijito vinavyoingia Mpiji ni wa namna nyingine. Vinajaa haraka na vinapungua haraka. Mvua ikikatika kule juu, mara nyingi ni suala la saa chache njia inaonekana tena. Kwa hiyo dawa yake ni kusubiri, na dozi yenyewe si kubwa.

Ugumu ni kwamba dozi hiyo haiko mikononi mwa mgonjwa. Iko mikononi mwa mwalimu, mwajiri, muuguzi wa kliniki na abiria wa bodaboda.

Tuanze na shule. Mtoto akisimamishwa getini na kuchapwa kwa kuchelewa, anajifunza kwamba adhabu ya mwalimu ni ya uhakika, ya mto ni ya pengine. Ukiwa na miaka tisa utachagua ipi? Mimi ningevuka. Kwa hiyo nashauri kamati za shule za Kibaha na Kisarawe, kabla masika haijaanza, ziwaandike kwa majina watoto wote wanaovuka mkondo wa maji kuja shule. Siku ya mvua kubwa, mtoto aliye kwenye orodha hiyo akichelewa au asipofika asiulizwe kitu. Na mvua ikiwakuta shuleni, wasifunguliwe kwenda nyumbani pamoja na wengine. Wakae mpaka aje mtu mzima au maji yapungue.

Najua walimu watasema, "Tukae nao mpaka usiku, tutawalisha nini?" Hoja hiyo ni ya haki. Mwalimu naye ana watoto wake. Ndiyo maana jambo hili ni la mkutano wa wazazi, ambako familia zinazoishi upande wa shule zinaweza kukubali kupokea watoto wawili watatu kwa jioni moja. Zamani hilo halikuhitaji mkutano, lakini tuseme siku hizi linahitaji. Mtihani wa darasa la saba huwa Septemba, mvua zikiwa mbali. Wa kidato cha nne ndio wa kuangalia, maana huanza Novemba na vuli ipo. Mtahiniwa anayevuka korongo atafutiwe pa kulala jirani na kituo cha mtihani kwa wiki zile.

Kibaha ya leo ina viwanda vingi, na watu wa zamu wanatoka nyumbani alfajiri, giza bado. Mwenye kiwanda anayekata siku nzima kwa kuchelewa kwa saa mbili asishangae mfanyakazi wake akijitosa kwenye maji asiyoyaona. Sisi wa afya nasi tusijifiche. Mama anatoka kijijini kwa sababu kadi imeandikwa leo, na anajua akija kesho atasemwa mbele za watu. Tuache kumsema. Na wewe unayetumia dawa za kila siku, za presha, kisukari, kifua kikuu au za kufubaza VVU, muulize mhudumu wako kabla masika haijachanganya kama unaweza kupewa za kutosha muda mrefu zaidi. Ziweke kwenye mfuko wa nailoni, fundo juu, pamoja na kadi zako.

Halafu kuna jua la uongo. Mvua inaweza kuwa inanyesha vilimani huku Kiluvya watu wanaanika nguo. Ukiwa ndani ya korongo, unachota mchanga au unafua, ukaona maji yanabadilika rangi, yanaleta majani na vijiti, au ukasikia mvumo kutoka juu, toka. Usirudi kuchukua beseni wala koleo.

Akichukuliwa mtu, usijitose. Anayejitosa bila kamba mara nyingi anakuwa wa pili. Mrushie kamba, mnyooshee mti mrefu, au mtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, maana linaelea na linabeba mtu. Wakati huo mwingine apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Akitolewa, nawaomba sana tuache kumning'iniza kichwa chini na kumkandamiza tumbo. Maji yaliyo tumboni si tatizo lake; tatizo ni kwamba ubongo umekosa hewa, na ubongo hauvumilii zaidi ya dakika chache. Kumkandamiza tumbo kunaweza kumtapisha na matapishi yakaingia mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi mdomoni, kuanzia mbili mpaka tano, ukiangalia kifua kinainuka. Kisha weka mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka mara 30, kasi ya kama mara mbili kwa sekunde, halafu pumzi mbili, tena 30. Kwa mtoto mdogo tumia mkono mmoja, kwa kichanga vidole viwili. Endelea mpaka apumue au mpaka msaada ufike. Akizinduka na kusema "nimepona, nipelekeni nyumbani", mpelekeni hospitali hata hivyo. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuvimba saa kadhaa baadaye, wakati mmekwisha kushukuru na kutawanyika.

Ya baada ya maji mnayajua, nitapita haraka. Maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe dawa ya klorini. Mtu akiharisha maji maji kama ya mchele, ni kumpa ORS njiani na kwenda kituo cha afya siku ile ile. Ukisafisha nyumba iliyoingia tope vaa buti, hasa ukiwa na kidonda mguuni. Ile homa ya mgunda iliyotangazwa mkoani Lindi Julai 2022 inaenezwa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na tope ndilo gari lake.

Aprili 25, 2024, Kassim Majaliwa akiwa Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki dunia katika mvua za msimu ule. Katika hao wapo waliofuatwa na maji majumbani, ambao kuchelewa kusingewasaidia lolote. Lakini kwa anayesimama kwenye ukingo wa korongo, mtu mmoja anaweza kumwokoa kwa kumwambia, "Subiri tu, tutakuelewa."

Yule kijana wa bodaboda bado yupo, ana pikipiki nyingine sasa. Nilipokwenda tena kule msimu uliopita, wingu lilikuwa zito upande wa Pugu. Safari hii hakuniuliza. Alizima injini kabla hatujafika kivukoni, akaegesha chini ya mwembe, akasema, "Dokta, leo tunakaa." Tulikaa saa mbili na nusu. Kliniki ilianza saa sita mchana, na kina mama walikuwa hawajaondoka.