KURA YA SIRI SI MALI YA TAJIRI



Wako wanyapara ambao uchaguzi ukikaribia hupita wakikusanya vipande vya watu na kuandika namba zake daftarini. Wakiulizwa, hujibu kwamba wanasaidia. Wanasaidia nani? Wengine humtaka mtu aipige picha karatasi yake ya kura kwa simu, aionyeshe, ndipo apewe mia mbili. Sisi twasema waziwazi: huko ni kumnunua mtu, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 imekataza.

Kura hii hatukuiokota ufuoni. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, kura ilipimwa kwa mfuko, kwa shule na kwa cheo. Mapato ya pauni 120 kwa mwaka, yaani shilingi 200 kwa mwezi, yalikuwa sifa moja. Mwenye sifa nyingi alipewa kura mbili, hata tatu! Kuli wa bandari ya Kisumu asiye na shule wala mali alisimama kando akitazama. Bwana Oginga Odinga alishinda Nyanza ya Kati mwaka ule, lakini ni wangapi waliomshangilia bila kuwa na kura ya kumpa? Mtu mmoja kura moja ilifika 1963.

Kisha 1988 ukaja mlolongo. Katika mchujo wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa, watu walipanga foleni nyuma ya wakala au picha ya mgombea, machoni pa chifu, machoni pa tajiri, machoni pa aliyewakopesha. Aliyepata asilimia 70 alipita moja kwa moja, bila sanduku. Watu waliona kwa macho yao mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa mrefu. KANU yenyewe ilikubali kuuacha mwaka 1990.

Kuna ndugu atakayesema: Kisumu twajulikana tunapiga upande gani, tufiche nini? Huyo anafikiri juu ya urais tu. Je, mwakilishi wa wadi, atakayesemea maji ya Nyalenda na vibanda vya Kibuye? Huyo mara nyingi hupatikana katika mchujo wa chama, kabla ya Agosti. Na mgombea akiwa shemeji ya tajiri wako, nawe unalala katika nyumba ya tajiri, utaona faida ya pazia.

Siri hiyo imeandikwa katika Katiba ya 2010, ibara ya 38 na ya 81. Haikuandikwa kwa ajili ya mabwana wakubwa. Wao hawana wa kumwogopa.

Na sisi chama je? Tawi likichagua viongozi kwa kuinua mikono mbele ya katibu anayetetea kiti chake, huo ni mlolongo vilevile. Twataka sanduku humo pia, hata kama makatibu wengine watanuna.

Kipande chako kikichukuliwa, kidai siku hiyo hiyo. Ukinyimwa, njoo ofisi ya tawi pamoja na shahidi mmoja. Tutakwenda nawe kwa meneja, na akikataa, tutakwenda polisi.