Utu Uzima Dawa, Si Kosa

Kabla ya jua kuchomoza, feri ya Likoni huwa imekwisha kuvusha umati uendao kutafuta kibarua. Kule Changamwe, penye malango ya maghala, wengine husimama wakingoja kuchaguliwa. Achaguaye hutazama mikono, kisha nywele. Mwenye mvi huambiwa arudi kesho, na kesho hiyo haifiki.

Watu hawa hawakuacha kazi kwa uvivu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichofunguliwa 1963, kiliacha kusafisha mafuta 2013. Mwaka 2019 Serikali iliamuru mizigo ya bandari isafirishwe kwa reli mpya hadi Nairobi. Madereva wa malori, utingo wao, makanika na akina mama wauzao chakula barabarani wakapoteza riziki. Amri ilisitishwa mwaka uo huo baada ya maandamano. Lakini si kila aliyeachishwa aliyerejeshewa kazi yake.

Tumeitazama mipango ya Serikali. Mfuko wa Vijana, ulioanzishwa 2006, hukoma mtu atimizapo miaka 35. Posho ya wazee ya Inua Jamii huanzia miaka 70. Kuli aliyeachishwa akiwa na miaka 48 si kijana wala si mzee. Ni mtu asiyehesabiwa. Na bado Katiba ya 2010, katika ibara ya 27, yakataza Serikali na mtu yeyote kumbagua mwingine kwa sababu ya umri.

Tutaambiwa kwamba vijana nao hawana kazi. Ni kweli, wala hatutaki mwana apokonywe ili baba apewe. Lakini baba akikosa kibarua, karo ya mwana italipwa na nani?

Aliyekuwa na miaka 20 Kifungu cha 2A kilipofutwa, Desemba 1991, leo amepita 50. Hakudai vyama vingi ili aje kufukuzwa langoni kwa sababu ya mvi.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Tangazo la kazi lisiweke kikomo cha umri ambacho kazi yenyewe haikihitaji. Anayepunguzwa kazini alipwe kama Sheria ya Ajira ya 2007 isemavyo: si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Na fundi aliyejifunzia kazini apimwe, apewe cheti.

Waumini mwaujua mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20. Mwenye shamba alitoka hata saa ya kumi na moja, akawakuta watu wangali wamesimama. Hakuwauliza umri. Aliwauliza mbona wamesimama, nao wakajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Jibu hilo husikika Changamwe kila alfajiri.

Basi kila kanisa na kila msikiti, kuanzia Likoni hadi Kisauni, ufungue daftari: nani alifanya kazi gani, kwa miaka mingapi, na alilipwa nini alipoachishwa. Tutakapowaendea wawakilishi wetu, tusiende na malalamiko matupu. Twende na daftari hilo mkononi.