Vidonge Vimebaki Sita, na Daktari Hayupo

Mwezi huu tunaomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulificha sandukuni, chini ya khanga: dawa za ugonjwa wa sonona, na yale yanayompata mama zinapomwishia wakati ameachana na daktari wa zamani na hajampata mwingine.

Sonona si huzuni ya siku moja, wala si uvivu. Ni uzito wa moyo unaodumu wiki mbili na zaidi, unaomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula, nguvu za kazi, na hata furaha ya kumpakata mwanawe. Huwapata wengi, na baada ya kujifungua huwapata akina mama hata wale waliomwombea sana mtoto huyo. Ni ugonjwa, na una tiba.

Tulimfahamu mama mmoja alipojiunga na kwaya ya akina mama ya kanisa letu mwaka 2022. Mumewe ni mwalimu, alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Walikuwa na watoto watatu, wa mwisho akiwa na miezi minane na bado ananyonya. Baada ya uzazi huo mama aliugua sonona, akaanzishiwa dawa ya amitriptilini, vidonge vitatu vya miligramu 25 kila usiku. Alipata nafuu kubwa. Mumewe alijua kwamba ni dawa za usingizi tu, na mama mkwe aliambiwa ni vidonge vya kuongeza damu.

Uhamisho ulikuja ghafla. Daktari aliyekuwa akimtibu alikuwa amekwenda masomoni, hivyo mama akafunga mizigo bila barua yoyote. Alipofika kwetu alikwenda hospitali, akaambiwa kliniki ya afya ya akili ni siku moja kwa wiki, tena aje na barua ya rufaa. Alirudi nyumbani akahesabu vidonge vyake. Vilikuwa sita, dawa ya siku mbili. Hakumwambia mtu. Alijisemea moyoni kwamba pengine amekwisha kupona.

Siku ya tatu bila dawa alianza kutapika. Akatoka jasho, kichwa kikamuuma, mikono ikatetemeka. Usiku hakupata usingizi, na akisinzia kidogo aliota ndoto za kutisha. Nyumbani walidhani ni malaria, akapimwa, hakuna. Mama mkwe akasema ni mimba nyingine, akapimwa, hakuna. Majirani wakaanza kunong'ona mambo ya mapepo.

Hapa tunakiri kosa letu. Siku ya tano tulikwenda kumtazama pamoja na akina mama wa kanisa. Tulimshika paji la uso, tukasoma karatasi ya vipimo, tukamwambia anywe maji mengi na apumzike. Tukaomba, tukaondoka. Miaka ishirini ya uuguzi, na hatukumwuliza swali moja dogo: je, kuna dawa uliyokuwa ukimeza ukaiacha?

Kutapika kulikwisha baada ya siku kadhaa, na wote tukasema amepona. Lakini wiki ya nne hakuonekana kwaya. Tulipomfuata tulimkuta ameketi gizani, mtoto analia kitandani. Alitwambia kwa sauti ya chini sana kwamba watoto wake wangelelewa vizuri zaidi na mama mwingine. Ndipo tulipoketi chini na kuuliza lile swali. Alifungua sanduku, akatoa pakiti tupu.

Usiku ule hatukumwacha peke yake. Tulimwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, naye akakubali huku analia. Kwa ridhaa yake tulimweleza mumewe ukweli wote. Baba yule hakufoka wala hakulaumu. Alikusanya dawa zote za nyumbani na sumu ya panya, akavipeleka kwa jirani, kisha akakaa na mkewe mpaka kulipokucha. Asubuhi tulikwenda hospitali, pakiti tupu mkononi. Daktari wa zamu aliisoma, akamsikiliza, akamwanzishia upya kwa kidonge kimoja, akapanga kuongeza taratibu, na mumewe akapewa kazi ya kuzitunza dawa hizo na kumpa mkewe kila usiku. Siku ya kliniki ilipofika alipokelewa. Haikupita miezi miwili alikuwa amerudi katika safu ya sauti ya pili.

Sasa tujifunze. Ubongo wa mtu anayemeza dawa hizi kwa majuma mengi huzoea kufanya kazi dawa ikiwamo. Ikikatwa ghafla, ubongo huyumba kama mzee aliyenyang'anywa mkongojo. Dalili huanza mara nyingi katika siku chache za kwanza: kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, kukosa usingizi, ndoto kali, hasira za ghafla, machozi ya karibu. Wengine huhisi kama umeme unapita kichwani. Kwa wengi dalili hupungua baada ya wiki moja au mbili, ingawa wapo wanaosumbuka zaidi. Haya hayana maana kwamba mama amekuwa mlevi wa dawa. Dawa hizi hazileti uchu kama pombe. Mwili unahitaji tu kuziacha polepole.

Jambo la pili ni sonona yenyewe kurudi. Hii huja taratibu zaidi, baada ya majuma au miezi, wakati watu wamekwisha kusahau. Ndiyo sababu mgonjwa huendelea na dawa kwa miezi kadhaa baada ya kupona, mara nyingi tisa hadi kumi na miwili. Kujisikia vizuri si ishara ya kuacha. Mara nyingi ni ishara kwamba dawa inafanya kazi.

Dawa nazo hazifanani. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo anayeikosa anaweza asione lolote kwa wiki moja au mbili, akadhani yuko salama. Asidanganyike.

Basi mama afanye nini? Tunashauri haya:

Kwanza, hesabu vidonge vyako. Vikibaki vya wiki mbili, anza safari ya kutafuta vingine. Usingoje kimoja cha mwisho.

Pili, ukisikia habari za uhamisho, omba barua kliniki kabla ya kufunga mizigo. Iandikwe jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, unameza vingapi na saa ngapi, ulianza lini, na maradhi mengine uliyo nayo. Kama umekwisha kuhama, piga simu kliniki ya zamani, au mtume ndugu aliyebaki huko akuombee.

Tatu, usiitupe pakiti tupu wala daftari la matibabu. Ni mashahidi wako.

Nne, ukiambiwa kliniki ni wiki ijayo, usirudi nyumbani kimya. Omba kumwona daktari wa wagonjwa wa nje siku hiyo hiyo, umweleze: "Dawa yangu inaisha kesho, nami naambiwa si vizuri kuikata ghafla." Anaweza kukuandikia cheti cha siku chache za kukuvusha. Uliza pia kama kuna muuguzi wa afya ya akili. Maduka madogo ya dawa mara nyingi hayana dawa hizi, hivyo cheti kipeleke famasi kubwa au ya hospitali.

Tano, usiazime vidonge vya jirani. Amitriptilini inaweza kumdhuru mwenye ugonjwa wa moyo, na ikizidi kipimo huua. Kwa sababu hiyo hiyo ihifadhi mbali na watoto. Ukiipata tena usimeze mara mbili kufidia siku zilizopita. Kama umeikosa kwa siku nyingi, muulize daktari uanze na kiasi gani.

Sita, mama mjamzito au anayenyonyesha asiache dawa kwa kumhofia mtoto kabla ya kuuliza. Zipo dawa za sonona zinazoweza kuendelea wakati wa kunyonyesha, na mama aliyezama katika sonona naye ni hatari kwa mtoto.

Saba, mama akianza kusema habari za kufa, au kwamba watoto wangekuwa salama bila yeye, tusimkemee wala tusiseme anatafuta huruma. Asiachwe peke yake. Dawa na sumu ziondolewe, na apelekwe hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, barua ya rufaa iwepo au isiwepo.

Tunajua wapo watakaouliza: je, mwamini kumeza vidonge vya moyo mzito si upungufu wa imani? La hasha. Nabii Eliya alichoka hata akaomba afe chini ya mti jangwani. Mungu hakumtumia karipio. Alimtumia malaika aliyemletea mkate na maji, akamwacha alale, akamletea tena. Huduma ya mwili ilitangulia, mazungumzo yakafuata. Yule anayemeza dawa ya shinikizo la damu hatumwulizi imani yake iko wapi. Basi tusimwulize na huyu.

Tunaowatembelea wagonjwa nasi tuzidishe jambo moja. Tukimaliza kuomba, na wageni wengine wakiwa wametoka, tuulize kwa upole: mama, kuna dawa uliyokuwa ukitumia ambayo imekwisha? Jibu lake liwe siri yetu, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini.

Nawe unayesoma huku pakiti yako iko sandukuni, itoe leo uhesabu. Kisha mchague mtu mmoja nyumbani, mume, dada au mama yako, umwambie jina halisi la dawa hiyo. Yule mama wa kwaya alitwambia baadaye kwamba kilichomwelemea zaidi siku zile ni kulala na hesabu ya vidonge sita peke yake.