Mto Mdogo Haufuniki Kosa Kubwa



Makarani wa ofisi moja ya mji huu, ambao kazi yao ni kupokea simu na kutia habari katika kompyuta tangu asubuhi hata jioni, walikwenda kwa tajiri wao wakamwambia kuwa mikono yawauma, na wengine usiku vidole hufa ganzi. Tajiri aliwasikia. Akawapa kila mmoja pedi ya kipanya yenye mto mdogo wa kulazia mkono. Siku hiyo hiyo akabandika karatasi ukutani: kampuni imetimiza wajibu wake, na malalamiko juu ya mikono hayatapokewa tena.

Kwa mto, twasema ahsante. Kwa karatasi ile, twasema HAPANA. Huku ni kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Na tujue kwanza maumivu haya yatoka wapi. Ndani ya kifundo cha mkono mna njia nyembamba, mifupa upande mmoja na utepe mgumu upande wa pili. Humo hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na neva moja. Kifundo kikikaa kimepindwa saa nyingi, au kikigandamizwa, njia hubana na neva huminywa. Hapo kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete huanza kufa ganzi na kuchoma, hasa usiku. Karani akipuuza, mwishowe hata kikombe cha chai humponyoka.

Mto ule hufaa ukitumiwa vyema. Ni wa kupumzikia mkono, si wa kufanyia kazi. Ulaze kitako cha kiganja juu yake wakati umesimama kidogo, kisha uinue mkono na kukiendesha kipanya kwa nguvu ya kiwiko na bega. Mwenye kukibana kifundo juu ya mto huku akizungusha kipanya kutwa, huyo agandamiza pale pale penye neva. Mto wake wamdhuru. Nani aliyewaambia makarani wale habari hii? Hakuna. Walipewa chombo, hawakupewa mafundisho.

Lakini hata ukitumiwa vyema, mto hauteremshi meza iliyo juu mno, wala hautengenezi kiti kilichovunjika mgongo. Mto haupunguzi saa za kazi, wala haumwambii msimamizi aache kuhesabu dakika karani akienda msalani.

Tajiri asema haya ni magonjwa mapya ya kompyuta na hakuna ayajuaye. Si kweli. Kipanya ndicho kipya: Douglas Engelbart alikionyesha mbele ya watu huko San Francisco mwaka 1968. Ugonjwa ni wa zamani. Mwaka 1713 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya makarani wa kalamu na wino, akataja sababu tatu za taabu yao: kukaa kitako bila kuondoka, mkono kwenda mwendo ule ule daima, na akili kukazwa isije ikakosea. Zaidi ya miaka 300 imepita. Wafanyakazi wenzangu, mto wa kipanya waondoa ipi kati ya hizo tatu? Hata moja!

Wako ndugu zetu wanaowacheka makarani. Husema, "Nyinyi mnakaa kivulini, mwaumwa na nini?" Ndugu, acheni neno hilo, maana ni neno la tajiri. Mchuma chai wa Kericho aujua mkono urudiao kazi moja kutwa. Mpakizi wa Kilindini aujua mgongo. Mkono wa karani nao ni mkono, na ukiharibika hana mwingine wa kulishia watoto.

Wala hatuombi sadaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mahali pa kazi, vyombo na kazi yenyewe vimpatane mfanyakazi, pamoja na kumkinga na mkazo wa akili. Haikusema mfanyakazi ajipinde apatane na meza. Sheria hiyo hiyo yakataza kumfukuza au kumbagua mtu kwa sababu amelalamika juu ya jambo analoona lina hatari kwa afya yake. Basi karatasi ile ya ukutani yasimama juu ya nini?

Na baadhi ya makarani wetu hujibu simu za wateja walioko Uingereza. Huko, tangu kanuni za mwaka 1992, mwajiri hulazimika kupanga kazi ya kompyuta ili ikatizwe kwa mapumziko au kwa kubadilisha kazi, na karani akitaka kupimwa macho, mwajiri ndiye alipaye. Simu ni ile ile, upande huu na ule. Mbona mkono wa upande huu uhesabiwe kuwa wa chuma?

Kwa hiyo twataka haya:

1. Karatasi ile iondolewe.

2. Meza na viti vitazamwe kimoja kimoja. Kiwiko kiwe sawa na meza, kifundo kinyoke, kipanya kiwe karibu na mkono.

3. Mapumziko mafupi ya mara kwa mara, bila kukatwa mshahara wala kuandikwa katika kitabu cha makosa.

4. Makarani wafundishwe matumizi ya vyombo wanavyopewa.

5. Kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, kama sheria isemavyo, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake.

Nawe mwanachama una kazi yako. Mkono ukianza kufa ganzi usinyamaze ukingoje mwisho wa mwezi. Mwarifu msimamizi kwa maandishi, weka nakala, tia tarehe, nenda kwa daktari, umwambie na mjumbe wa Chama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Karani mmoja akilalamika peke yake huambiwa ni mvivu. Makarani wote wakiandika siku moja, tajiri huvuta kiti akasoma.

Mto tutautumia. Mdomo hatutaufunga.

UMOJA NI NGUVU.