Tamko la wazazi na walezi wa Kizimbani: Mtoto anataka mlezi aliyefunzwa, na mlezi anataka kupumzika

Sisi wazazi na walezi wa watoto wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji, wakaazi wa Kizimbani na shehia jirani za Wilaya ya Magharibi A, Unguja, tunatoa tamko hili kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, kwa masheha na viongozi wa dini, na kwa ndugu na majirani zetu. Tunawasemea watoto wenye mtindio wa ubongo, usonji na Down syndrome, wenye kichwa maji na mgongo wazi, wenye kifafa kilichochelewesha ukuaji wao, na wale ambao mpaka leo hakuna daktari aliyewaambia wazee wao tatizo linaitwaje. Tunamsemea pia mtu ambaye hatajwi sana kwenye hotuba za Siku ya Watu Wenye Ulemavu kila tarehe 3 Disemba, naye ni yule anayewalea.

Mara nyingi ni mama, na mama akikosekana ni bibi. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri ili ambadilishe mtoto nguo na kumgeuza ubavu. Uji ambao mtoto mwengine huumaliza kwa dakika chache, yeye humlisha kijiko kwa kijiko hadi jua linapanda. Mtoto akiwa na miaka 2 anabebeka. Akifika miaka 10 mama ni yule yule, lakini sasa anamnyanyua mtu mzito mara nyingi kwa siku, mgongo unauma na hakuna wa kumpokea. Msimu wa karafuu ukiingia, wenziwe wanapanda mikarafuu na kupata chochote cha kununulia sare za skuli. Yeye anabaki uani. Kwenye harusi na hitima hutuma salamu. Akiumwa hukataa kulazwa, kwa kuwa akilazwa hana wa kumwachia mtoto.

Tunaambiwa tusubiri, kwamba mtoto huyu ni mtihani wa Mwenyezi Mungu na ujira wake ni mkubwa. Tunaamini hivyo. Lakini mtihani huu haukuletwa kwa mama peke yake. Baba yumo, ami na shangazi wamo, jirani yumo, sheha yumo na Serikali imo.

Tunaanza na mafunzo, kwa sababu hayana gharama kubwa na matokeo yake huonekana upesi kwa mtoto. Wengi wetu tulitoka hospitali na karatasi tu mkononi. Hatukuonyeshwa kuwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo halishwi akiwa amelala chali, bali hukalishwa wima, kichwa kimeinama kidogo mbele, ili chakula kisiingie kwenye njia ya hewa na kumletea nimonia. Wapo waliokuwa wakimtia mtoto kijiko mdomoni kila kifafa kinapompanda, kwani ndivyo walivyoona kwa wakubwa wao. Kumbe inatakiwa alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, na degedege likipita dakika 5 akimbizwe hospitali. Wapo walioacha dawa za kifafa siku moja walipoona mtoto ametulia, kisha kifafa kikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Wapo waliompiga mtoto mwenye usonji kwa kupiga makelele sokoni, wakidhani ni ukaidi, ilhali ni zile sauti na msongamano uliomzidi. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekosa mapenzi kwa mwanawe. Walikosa mtu wa kuwafunza.

Kizimbani inajua mafunzo ya namna hii yanavyofanya kazi. Hapa ndipo penye chuo cha kilimo na kituo cha utafiti, na hapa ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kupandwa mikarafuu Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19. Wakulima wetu walipotakiwa kubadilisha namna ya kulima, hawakuitwa mjini kusikiliza hotuba. Bwana shamba na bibi shamba waliwafuata kondeni, na skuli za wakulima zikakaa chini ya mwembe: watu wa kitongoji kimoja, kwa wiki kadhaa, wakijaribu, wakikosea na kuelekezana. Mlezi naye anataka mafunzo yatakayomfuata nyumbani kwake, kwenye kitanda kile kile na kwa mtoto yule yule.

Tena mafunzo hayo yameshaandaliwa. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafunza walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji na ulemavu wa ukuaji. Una vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na uliandikwa kwa makusudi ili uweze kuendeshwa na watu wasio madaktari bingwa, baada ya kufunzwa na kusimamiwa. Kenya na Ethiopia umeshajaribiwa. Zanzibar hatukosi watu wa kuubeba. Mpango wa Jamii ni Afya ulianza 2019, na kufikia 2021 ulikuwa umeenea katika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba, ukiwa na wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 wanaobisha hodi kwenye nyumba zenye wajawazito na watoto wadogo. Hawa wanatujua kwa majina. Tunaiomba Wizara ya Afya iwafundishe kumtambua mapema mtoto ambaye shingo haijakaza akiwa na miezi 4, ambaye hajakaa mwenyewe akiwa na miezi 9, au hajatembea akiwa na miezi 18, na iwape pahala pa kumpeleka. Kutoka huko wachaguliwe waliokuwa na moyo na kazi hii, wafunzwe kuendesha vikao vya walezi ndani ya shehia. Na mlezi mzoefu aketi nao kama mwalimu, kwani yapo mambo ambayo aliyelea miaka 12 anayajua zaidi ya kitabu.

Vikao hivyo viwaite na kina baba kwa majina yao. Wapo wanaobeba zamu yao kikamilifu, na tunawaheshimu. Wapo pia waliohama nyumba mara mtoto alipojulikana kuwa na ulemavu, na wengine walimpa mama talaka kwa kumwambia kuwa kwao hakuna watoto wa aina hiyo. Tunawaomba maimamu walisemee jambo hili kwenye khutba za Ijumaa: ulemavu wa mtoto si kosa la mama yake.

Mafunzo peke yake hayatoshi. Mlezi aliyefunzwa vizuri akakosa usingizi miaka 8 atachoka kama mwengine yeyote, na uchovu huo humuathiri mtoto. Hapa inabidi tuseme jambo zito. Wapo watoto wetu wanaofungiwa chumbani wakati mama amekwenda kuchuma karafuu, kutafuta kuni au kusimama foleni ya dawa. Jamii humhukumu mama huyo haraka. Sisi tunauliza: alitakiwa amwachie nani? Mlango ule uliofungwa ndio wanaoungojea wafanyao udhalilishaji. Mtoto asiyeweza kusema, au ambaye maneno yake hayaaminiwi, ndiye mwepesi kudhuriwa, hasa msichana aliyevunja ungo. Zanzibar imetangaza vita dhidi ya udhalilishaji na sisi tumo katika vita hivyo. Kumpatia mlezi mtu wa kuaminika wa kumshikia mtoto kwa saa chache ni sehemu ya vita hivyo hivyo.

Hatuombi majumba ya kuwapeleka watoto wakalelewe mbali nasi. Jambo hili tunalisisitiza, kwa sababu kila tunapotaja mapumziko hutokea mtu akapendekeza kituo. Watoto wetu walale kwao. Tunachotaka ni kwamba katika kila shehia wapatikane watu wachache waliofunzwa na kuchunguzwa tabia, wanaojulikana kwa sheha na wanaolipwa posho, ambao mlezi anaweza kumwita mmoja wao akae na mtoto asubuhi moja au mbili kwa wiki. Tunataka chumba kimoja chenye kivuli, choo kinachofikika na magodoro, katika skuli, madrasa au kituo cha afya kilichopo tayari, ambapo watoto watakusanyika mchana kucheza na kujifunza, hasa nyakati za likizo ambazo kwetu ndizo ngumu kuliko zote. Na tunataka uwepo utaratibu wa dharura pale mlezi anapojifungua, anapofanyiwa operesheni au anapofariki, ili mtoto asigaiwe kwa ndugu yeyote aliye tayari siku hiyo bila mtu kuangalia anakwenda kwenye mikono gani.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu Novemba 2009, na kifungu cha 28 cha mkataba huo kinataja kwamba watu wenye ulemavu wanaoishi katika umasikini, pamoja na familia zao, wasaidiwe na nchi katika gharama zinazotokana na ulemavu, yakiwemo mafunzo, ushauri nasaha, fedha na huduma ya kumpumzisha mlezi. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia 1991, unaelekeza msaada kwa mtoto mwenye ulemavu na kwa wanaomlea. Zanzibar ilitunga sheria yake ya watu wenye ulemavu 2006, na 2022 ikatunga mpya. Ahadi hizi zimetiwa saini. Kilichobaki ni kifungu katika bajeti.

Na fedha za namna hii si ngeni kwetu. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi bila ya kumuuliza aliwahi kuchangia wapi, na baadaye kiwango hicho kikapandishwa. Tunaishukuru Serikali kwa hilo, na tunaijua thamani yake, kwani katika nyumba zetu nyingi pensheni ya bibi ndiyo inayonunua nepi na dawa za mjukuu. Wenzetu wa Kenya tangu 2011 wana ruzuku kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na anayezipokea kwa niaba yake ni mlezi. Tunaomba kaya zenye mtoto mwenye ulemavu mkubwa ziingizwe katika hifadhi ya jamii ya Zanzibar, malipo yapitie mkononi mwa mlezi, na nauli ya kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa mazoezi ya viungo ihesabiwe. Kwenye daladala, mtoto wa miaka 11 asiyeweza kukaa mwenyewe hulipiwa viti viwili, kama gari itakubali kusimama.

Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana nayo tunaibishia hodi. Waislamu wa visiwa hivi waliweka wakfu nyumba na mashamba kwa ajili ya misikiti, mayatima na wasafiri. Tunaiomba Kamisheni ifungue mlango kwa wenye uwezo, waliopo hapa na walioko Oman na Ulaya, wanaotaka kuweka wakfu kwa ajili ya walezi hawa. Chumba kimoja cha mchana kwa shehia kinaweza kuanza kwa njia hiyo hata kabla ya bajeti.

Hatuanzi sifuri. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar upo tangu 1985. Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili, ZAPDD, iliyoundwa 1999, ilishirikiana na Wizara ya Elimu na wenzao wa Norway kufungua milango ya elimu mjumuisho, na watoto waliokuwa wakifichwa wakaonekana madarasani. Kazi hiyo ilimfikia mtoto hadi skuli. Tunataka sasa imfuate hadi nyumbani, saa nane mchana anaporudi, na imkute pia yule ambaye hawezi kwenda skuli kabisa.

Kwa upande wetu, tunaahidi kwamba kila mmoja wetu atamfuata mlezi mwenzake aliyejifungia, atamkaribisha kikaoni na atamshikia mtoto wake zamu kwa zamu kadiri ya uwezo wake. Tumeshaanza kufanya hivyo. Hata hivyo, aliyechoka kumshikia aliyechoka kuna mwisho wake.

Waheshimiwa Wawakilishi, mtakapokaa Barazani Chukwani kujadili bajeti ya mwaka ujao, waulizeni Mawaziri wa Afya, wa Elimu na wa Maendeleo ya Jamii swali moja: ni shilingi ngapi zimetengwa kwa mafunzo na mapumziko ya walezi wa watoto wenye ulemavu? Jibu likiwa hakuna, msiipitishe mpaka kiwepo kiasi. Nawe mlezi unayesikia tamko hili na bado unamlea mtoto mlango ukiwa umefungwa, nenda kwa sheha wako, andikisha jina la mtoto na lako, kisha njoo tuketi pamoja.

Imetolewa Kizimbani, Wilaya ya Magharibi A, Unguja, kwa niaba ya wazazi na walezi.