MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yawezekana walikuwa wakimwonya mwenye duka, lakini onyo lao linazifaa pia serikali zenye misitu, mito na mbuga. Mali ambayo hulindwa kwa sheria na kwa walinzi, lakini haiandikwi katika daftari lo lote la hesabu za nchi. Mali ya namna hiyo huonekana kuwa bure. Na kitu cha bure, mwenye haja hukichukua bila kuuliza.

Mfano ulio wazi tunao katika nchi jirani ya Malawi. Mji wa Lilongwe ulikuwa na watu wapatao 20,000 tu mwaka 1966. Mwaka 1975 ukawa makao makuu ya nchi badala ya Zomba, na sensa ya mwaka 2018 iliwakuta humo watu karibu milioni moja. Umati wote huo hutegemea hasa maji ya Mto Lilongwe, yanayozuiliwa na mabwawa mawili yaitwayo Kamuzu, la kwanza lililojengwa mwaka 1966 na la pili mwaka 1989. Mto wenyewe unaanzia katika milima ya Dzalanyama, kusini-magharibi ya mji, kwenye mpaka wa Msumbiji. Msitu wa milima hiyo ulitangazwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1922, na eneo lake ni karibu hekta 99,000.

Kazi ya msitu huo si siri. Mvua inyeshapo, majani na matawi huvunja nguvu ya matone. Takataka za majani yaliyooza hupokea maji. Mizizi hushika udongo na kuyaruhusu maji yazame polepole, kisha yatokee chemchemini wakati wa kiangazi. Hatusemi kwamba msitu hutengeneza maji. Miti nayo hunywa, na mlima uliofyekwa huweza hata kutiririsha maji mengi zaidi kwa mwaka mzima. Lakini maji hayo huja kwa kishindo wakati wa masika, yamebeba tope, na kiangazi yanapotakiwa hayapo. Tope hilo hutua bwawani na kupunguza nafasi ya maji. Na yale machafu yanayobaki huhitaji dawa nyingi zaidi ya kuyasafisha kabla hayajafika bombani. Basi mti unapoanguka Dzalanyama, gharama yake huonekana Lilongwe, katika ankara ya maji na katika mfereji uliokauka.

Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya miti ya miombo katika hifadhi hiyo imekwisha kukatwa, na sababu kubwa ni mkaa. Nchini Malawi zaidi ya jamaa tisa katika kila kumi hupika kwa kuni au mkaa. Mkaa ndio moto wa mjini. Gunia linalouzwa sokoni Lilongwe lina bei ya kazi ya mchomaji, bei ya usafiri na faida ya mchuuzi. Bei ya maji yaliyopotea haimo. Mnunuzi haidanganyi nchi yake. Yeye hulipa bei aliyoambiwa. Kosa liko katika hesabu.

Kosa hilo hilo laonekana upande wa pili wa mji. Kiasi cha kilomita 45 kaskazini ya Lilongwe, katika Wilaya ya Dowa, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Hapo zamani palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 pamekuwa makao ya watu waliokimbia vita kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika humo kila siku. Kambi ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, na mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee humo humo. Watu wengi kiasi hicho, wasio na shamba la kutosha wala ruhusa ya kwenda watakako, lazima wapike. Mama wa Dzaleka aliyetoka Uvira hana msitu wake. Hana budi kununua kuni au kuzitafuta pale zilipo, na wenyeji wa Dowa huitazama miti yao ikipungua na kumlaumu mgeni. Lawama hiyo haina haki. Aliyewakusanya watu mahali pamoja bila kuhesabu moto wao wa kupikia ndiye aliyeacha ukurasa mtupu katika daftari.

Tangu katikati ya miaka ya 2010, Serikali ya Malawi iliwapeleka askari wa jeshi lake kusaidiana na walinzi wa Idara ya Misitu katika Dzalanyama. Hatua hiyo ilieleweka, kwani mlinzi mmoja wa misitu mwenye baiskeli hawezi kuzuia malori ya usiku. Lakini ye yote aliyepata mafunzo ya kijeshi anajua kwamba mlinzi, kabla ya kushika lindo, huelezwa mambo matatu: analinda nini, kina thamani gani, na amri yake ina mipaka gani. Mlinzi asiyejua thamani ya anachokilinda ama hulala ama hutumia nguvu kupita kiasi. Tena askari huondoka zamu yake ikiisha, mwanakijiji hubaki. Ikiwa mwanakijiji huyo hapati cho chote kutokana na msitu uliosimama, na hupata fedha ya ada ya shule kutokana na msitu ulioanguka, hakuna kikosi kitakachotosha.

Ndiyo sababu tunaunga mkono rai ya wataalamu kwamba kazi zinazofanywa na maumbile zikadiriwe thamani. Rai hii si ngeni. Ripoti kubwa ya kimataifa ya mwaka 2005 juu ya hali ya maumbile ilizipanga kazi hizo katika mafungu manne: kutupatia vitu kama maji, chakula na kuni, kusawazisha mafuriko, tabianchi na maradhi, kutuliza na kustawisha roho na mila zetu, na kuutegemeza uhai wenyewe, kama vile kurutubisha udongo. Kuzithamini si lazima kuwe na uganga mwingi. Huulizwa tu: kazi hii ikikoma, tutalipa kiasi gani ili ifanywe na mtambo? Mji wa New York uliuliza swali hilo katika miaka ya 1990, ukaona kwamba kuhifadhi milima ya Catskill ni rahisi mno kuliko kujenga mtambo wa mabilioni ya dola wa kuchujia maji. Na mwaka 1997 ukafanya mapatano na watu wa milimani.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika milima ya Uluguru, ambako huanzia maji ya Mto Ruvu yanywewayo Dar es Salaam, ulifanywa mpango katika miaka ya 2000 wa kuwalipa wakulima waliokubali kutengeneza matuta na kupanda miti ili tope lisishuke mtoni. Huko Gazi, pwani ya Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakilipwa tangu miaka ya 2010 kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao, na fedha hiyo imeingia katika maji na shule za kijiji.

Lakini lipo pia fundisho la Kampala, ambalo haifai kulificha. Mwaka 1999 watafiti walikadiria kwamba kinamasi cha Nakivubo, kinachosafisha maji machafu ya mji kabla hayajaingia Ziwa Viktoria, kilikuwa na thamani ipatayo dola milioni moja au zaidi kwa mwaka. Hesabu ilikuwa nzuri. Hata hivyo kinamasi kiliendelea kuvamiwa kwa mashamba na majengo, kwa sababu hakuna aliyepewa wajibu wa kulipa wala aliyepewa haki ya kulipwa. Hesabu isiyomfikia mlipaji ni karatasi tu.

Wako wanaohofu kwamba kuupa msitu thamani ya fedha ni kuutia mnadani. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni hili: daftari haliandikwi ili mali iuzwe, huandikwa ili ijulikane ikiibwa. Yako mambo, kama makaburi ya wazee na miti ya matambiko, ambayo hayana bei wala hayafai kupewa. Yaandikwe hivyo hivyo, kuwa hayauzwi.

Kwa maoni yetu, basi, mambo matatu yanafaa kufanywa. Kwanza, sehemu ndogo ya ankara ya maji ya Lilongwe itengwe waziwazi kwa ajili ya Dzalanyama, na vijiji vinavyoizunguka vipate fungu lake. Sheria ya Misitu ya Malawi ya mwaka 1997 imekwisha kufungua mlango wa wananchi kushiriki katika kuitunza misitu. Pili, moto wa kupikia wa mjini na wa Dzaleka uhesabiwe kuwa ni sehemu ya hifadhi: majiko yanayookoa kuni, miti ipandwayo kwa ajili ya kuni, na nishati nyingine kwa bei ambayo maskini aiweza. Mkimbizi na mwenyeji washirikishwe pamoja, maana wote wawili hula chakula kilichopikwa. Tatu, walinzi wa misitu wapewe mishahara na vyombo vinavyolingana na thamani ya mali wanayoilinda, ili askari warudi kambini kwao.

Haya hayawahusu Wamalawi peke yao. Kila mji wetu una Dzalanyama yake, mahali ambapo maji yake huanzia na ambapo wakazi wake wengi hawajapata kufika. Tuifungue kurasa hiyo ya daftari mapema, kabla mifereji haijatufungulia kwa kukauka.